Kura Sita, Kazi Sita: Tuelewe Uchaguzi Wetu



Katika semina zetu za vikundi, kuanzia Kasigau hadi Werugha, kuna swali ambalo halikosi. Mtu anainua mkono, anauliza: "Sisi tulipiga kura, tukachagua watu wetu. Mbona maji hayaji?" Ukimwuliza alikwenda kwa nani kudai hayo maji, anakwambia alikwenda kwa mbunge. Mwingine alikwenda kwa seneta kuuliza kuhusu zahanati. Mwingine alimlilia mwakilishi wadi kwa sababu ndovu walimaliza shamba lake la mahindi.

Hawa wote wana shida ya kweli. Lakini kila mmoja amebisha mlango usio wake. Ndiyo maana tumeona vyema toleo hili lieleze uchaguzi tangu mwanzo: tunachagua nani, kwa kazi gani, kura zinahesabiwa vipi, na kwa nini nchi nyingine wanahesabu tofauti. Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya umepangwa Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Someni makala haya kikundini, kidogo kidogo. Yule anayejua kusoma vizuri awasomee wenzake.

TUANZE NA KIKUNDI CHETU

Kabla hatujafika kwa rais na wabunge, tuchukue mfano wa nyumbani. Tuseme kikundi kina wanachama 30, nacho kimepata pesa za mradi mmoja tu. Wanachama 12 wanataka kisima. Wengine 10 wanataka kinu cha kusaga unga. Na 8 wanataka kufuga kuku. Mradi upi umeshinda?

Wengi watajibu haraka: kisima, kwa maana kina kura nyingi kuliko mingine. Ndiyo, hiyo ni njia mojawapo. Tuiite njia ya aliyetangulia. Anayepata kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake anachukua kiti, hata kama hakufika nusu. Lakini tazameni: watu 18 kati ya 30 hawakutaka kisima. Wao ni wengi, ila kura zao ziligawanyika.

Njia ya pili inasema mshindi lazima apite nusu. Hapa nusu ni 15, kwa hiyo anahitaji 16. Hakuna aliyefika. Basi kuku wanatolewa kwa kuwa ni wa mwisho, na watu wanapiga kura tena kati ya kisima na kinu. Tuseme katika wale 8 wa kuku, 7 wanakwenda kwa kinu na 1 kwa kisima. Sasa kinu kina 17, kisima 13. Kinu kimeshinda!

Watu ni wale wale, nia zao ni zile zile, lakini kanuni ilipobadilika na mshindi akabadilika. Hakuna aliyeiba. Ndiyo sababu lazima kanuni ijulikane na kukubaliwa kabla ya kura kupigwa, si baada ya kuhesabu.

Njia ya tatu ni ya mgawo. Hii haifai kwa kuchagua kitu kimoja, maana huwezi kujenga theluthi moja ya kisima. Inafaa kwa kuchagua kamati. Tuseme kikundi kinataka kamati ya watu 15. Kila upande unapata viti kulingana na kura zake: wa kisima 6, wa kinu 5, wa kuku 4. Hakuna aliyeachwa nje, lakini hakuna mwenye nusu peke yake. Itabidi pande mbili zikae chini na kuelewana kabla ya jambo lolote kupita.

Wazee walisema, wengi wape, usipowapa watajinyakulia. Ni kweli. Lakini mmeona wenyewe kwamba hata huyo "wengi" anapatikana kwa njia zaidi ya moja. Kenya yetu inatumia njia zote tatu, kila moja mahali pake.

KARATASI SITA

Siku ya uchaguzi mkuu kila mpiga kura anapewa karatasi sita. Kila karatasi ina rangi yake, na sanduku la kuitumbukiza lina kifuniko cha rangi hiyo hiyo. Mambo haya yalianza na uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya Katiba ya 2010. Zamani tulizoea karatasi tatu tu: rais, mbunge na diwani. Sasa tuzitazame hizi sita.

1. Mwakilishi wadi. Huyu wengi bado wanamwita diwani. Kaunti ya Taita Taveta ina wadi 20. Eneo bunge la Voi lina sita: Mbololo, Sagalla, Kaloleni, Marungu, Kasigau na Ngolia. Taveta lina tano, Mwatate tano, na Wundanyi nne. Mwakilishi wadi anakaa katika bunge la kaunti. Anapitisha bajeti ya kaunti, anatunga sheria za kaunti, na kumwuliza gavana pesa zimekwenda wapi.

2. Gavana. Huyu ndiye mkuu wa serikali ya kaunti, na anachaguliwa pamoja na naibu wake. Huduma za maji, zahanati na hospitali za kaunti, kilimo na mifugo, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko na barabara za kaunti ni mzigo wake.

3. Mbunge. Tunao wanne: wa Taveta, Wundanyi, Mwatate na Voi. Kazi yake iko Nairobi. Anatunga sheria za nchi nzima, anapitisha bajeti ya taifa na kuwaangalia mawaziri. Tumezoea kumjua mbunge kwa basari na madarasa kwa sababu ya CDF, mfuko ulioanzishwa 2003. Lakini kazi aliyopewa na Katiba ni sheria, bajeti na usimamizi.

4. Mwakilishi wa kike. Anachaguliwa na kaunti nzima, wanaume na wanawake wote wanampigia. Anakaa bunge moja na wabunge wengine, na kura yake bungeni ina uzito sawa na yao.

5. Seneta. Analinda kaunti. Seneti inajadili jinsi pesa za taifa zinavyogawiwa kaunti 47, na inamsikiliza gavana akishtakiwa na bunge la kaunti. Haya tuliyaona hapa kwetu. Mwaka wa 2019 wawakilishi wadi wetu walipiga kura ya kumwondoa Gavana Granton Samboja, mambo yakapelekwa Seneti. Kamati ya Seneti ikaona mashtaka hayakuthibitishwa, naye akaendelea mpaka mwisho wa kipindi chake.

6. Rais. Ni mkuu wa serikali ya taifa: polisi, walimu wa shule za msingi na sekondari, barabara kuu, hati za mashamba, na wanyama wa porini.

Sasa rudini kwa yule mwenye mahindi yaliyoliwa na ndovu. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu, lakini zinasimamiwa na shirika la taifa, KWS. Fidia ya ndovu ni jambo la serikali ya taifa. Kwa hiyo mlango wa kubisha ni wa KWS na wa mbunge, aliulize Bunge. Mwakilishi wadi anaweza kusindikiza, lakini ufunguo hana. Na yule mama anayelala macho akingoja mfereji utoe maji, yeye mlango wake ni kaunti: gavana na mwakilishi wadi.

KILA KITI NA HESABU YAKE

Gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi wote wanachaguliwa kwa ile njia ya kwanza, ya aliyetangulia. Kura moja zaidi ya mwenzako yatosha. Hata kama wako wagombea kumi, na wa kwanza amepata robo tu ya kura, yeye ndiye mshindi.

Njia hii ina uzuri wake. Ni rahisi kuelewa, matokeo yanajulikana haraka, na kila eneo lina mtu wake wa kumwendea. Lakini ina ubaya pia: kura za wanaofikiri namna moja zikigawanyika, anapita yule ambaye wengi hawakumtaka. Wenye umri wetu wanakumbuka tarehe 29 Desemba 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja. Rais Daniel arap Moi alishinda akiwa na takriban asilimia 36 ya kura. Kenneth Matiba alipata kama asilimia 26, Mwai Kibaki kama 19, na Jaramogi Oginga Odinga kama 17. Jumlisheni wenyewe hao watatu. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walitaka mabadiliko, lakini waligawanyika mafungu matatu, na sheria ya wakati huo haikudai nusu. Ilidai kura nyingi kuliko wengine, pamoja na asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane.

Ndiyo sababu Katiba ya 2010 ikaweka kanuni ngumu zaidi kwa kiti cha rais. Mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Akikosa, wawili wa kwanza wanarudi kwa wananchi kwa duru ya pili ndani ya siku 30, na hapo mwenye kura nyingi anashinda. Hiyo ndiyo njia yetu ya pili, ya kisima na kinu. Sharti la kaunti 24 lipo ili mtu asiwe rais kwa kupendwa na upande mmoja tu wa nchi.

Mpaka uchaguzi wa 2022 hatujawahi kuingia duru ya pili, lakini tumeikaribia sana. Mwaka wa 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 50.07; alipita nusu kwa kura zipatazo 8,000 tu, nchi nzima! Mwaka wa 2022 William Ruto alipata 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, na Raila Odinga 6,942,930.

Je, njia ya mgawo iko wapi? Iko katika viti vya kuteuliwa. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneo bunge, wawakilishi wa kike 47, na 12 wa kuteuliwa. Hao 12 wanatoka katika orodha za vyama, kulingana na viti ambavyo kila chama kimeshinda. Wanawakilisha vijana, walemavu na wafanyakazi. Seneti nayo ina 47 waliochaguliwa, wanawake 16 wa kuteuliwa, vijana 2 na walemavu 2. Katika bunge la kaunti wanaongezwa wa kuteuliwa ili jinsia moja isipite theluthi mbili.

Hapo kuna deni. Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika kila chombo cha kuchaguliwa. Kaunti zinatimiza kwa uteuzi, lakini Bunge la Taifa lilishindwa kupitisha sheria yake, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais mwezi wa Septemba 2020 alivunje. Halikuvunjwa. Kwa upande wetu, watu wa Taveta walimchagua Dkt. Naomi Shaban mara nne mfululizo tangu 2002, kwa kiti cha kawaida cha mbunge, akishindana na wanaume. Kwa hiyo kina mama msiambiwe eti kiti chenu ni kile kimoja cha mwakilishi wa kike. Vyote sita ni vyenu.

NCHI ZA BUNGE: WAO HUFANYAJE?

Kuna nchi ambazo mwananchi hampigii kura mkuu wa serikali hata kidogo. Anamchagua mbunge tu. Kisha chama chenye wabunge wengi, au vyama vilivyoungana vikawa wengi, ndicho kinatoa waziri mkuu. Huyo waziri mkuu anakaa bungeni, anajibu maswali bungeni, na wabunge wakimkosea imani anaondoka. Huo ndio utawala wa bunge.

Msidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Kenya ilianza hivyo. Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilipata wabunge wengi, na tarehe 1 Juni 1963 Jomo Kenyatta akawa waziri mkuu. Hiyo ndiyo Madaraka tunayosherehekea. Tulikuwa na mabunge mawili, pamoja na mabunge ya majimbo. Sisi tulikuwa katika jimbo la Pwani. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, Kenyatta akawa rais. Seneti ilivunjwa 1966, na haikurudi mpaka 2013. Cheo cha waziri mkuu kilirudi kwa muda mwaka wa 2008, akapewa Raila Odinga, ili kutuliza nchi baada ya fujo za uchaguzi wa Desemba 2007 zilizoua watu zaidi ya 1,100.

Hata katika nchi za bunge, hesabu hazifanani. Uingereza wanatumia njia ya aliyetangulia katika kila eneo. Mwaka wa 2024 chama cha Labour kilipata kama asilimia 34 ya kura, lakini kikachukua viti 411 kati ya 650. Theluthi ya kura ikazaa karibu theluthi mbili za viti! Afrika Kusini wao wanatumia mgawo. Mwaka huo huo wa 2024 chama cha ANC kilipata kama asilimia 40 ya kura na viti 159 kati ya 400, yaani asilimia 40 vile vile. Kwa kuwa hakikufika nusu, kililazimika kuelewana na vyama vingine ndipo Bunge likamchagua Cyril Ramaphosa kuwa rais tena.

Ipi ni bora? Kila moja ina faida na hasara. Ya aliyetangulia inakupa mbunge wako unayemjua kwa jina, unayeweza kumngojea stendi ya Voi ukamwuliza. Ya mgawo inahesabu kila kura kwa haki zaidi, lakini anayepanga orodha ni chama, na mwenye orodha ndiye mwenye nguvu. Katiba yetu ilijaribu kuchanganya.

KWA NINI KURA NI YA SIRI

Vijana hawakuuona mlolongo, kwa hiyo tuwaeleze. Mwaka wa 1986 KANU, chama pekee wakati huo, iliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea wake watu wasipige kura kwa karatasi. Wapange mstari nyuma ya mgombea au picha yake, wahesabiwe hadharani. Makanisa yalipinga, pamoja na maaskofu Wakatoliki. Hata hivyo njia hiyo ilitumika mwaka wa 1988. Aliyepata asilimia 70 kwenye mstari alihesabiwa kuwa mbunge tayari, bila kura ya siri. Mahali pengi nchini watu walilalamika kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Na mistari ikishatawanyika, utahesabu nini tena? Karatasi haikubaki. Mlolongo ulifutwa Desemba 1990.

Kosa la mlolongo halikuwa wizi tu. Ni kwamba kila mtu alimwona kila mtu. Chifu anakuona, mwajiri anakuona, mkwe wako anakuona, aliyekukopesha mbegu anakuona. Hapo huchagui kwa dhamiri yako, unachagua kwa hofu.

Vikundi vyetu vingi bado vinachagua viongozi kwa kuinua mikono, na wengine wanalalamika baadaye nyuma ya nyumba. Jaribuni kura ya siri. Kama wengine hawajui kuandika, tumieni mahindi na maharagwe: hindi ni kwa mgombea huyu, haragwe kwa yule. Kila mmoja aingie chumbani peke yake, atumbukize punje moja chunguni na kutoka. Zihesabuni mbele ya wote. Haigharimu chochote.

SIKU YENYEWE

Anayepiga kura ni raia wa miaka 18 na zaidi aliyejiandikisha. Pa kujiandikisha ni muhimu. Vijana wetu wengi wako Mombasa kwa kazi na wamejiandikisha huko, halafu wanalalamikia barabara ya Mgange. Ukijiandikisha Mombasa unachagua gavana wa Mombasa. Ukitaka kuhamisha, nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge mapema, kwa sababu uandikishaji hufungwa kabla ya uchaguzi.

Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Ukiwa tayari kwenye foleni saa kumi na moja, utapiga kura. Beba kitambulisho kile ulichojiandikishia. Mashine itakutambua kwa alama za vidole. Utapewa karatasi zenye muhuri. Hakikisha muhuri upo. Weka alama kwa mtu mmoja tu katika kila karatasi. Usiandike jina lako wala namba ya kitambulisho, kwa kuwa kura inayoonyesha mwenyewe hukataliwa. Ukikosea kabla ya kutumbukiza, mrudishie msimamizi upewe nyingine. Kisha tumbukiza kila karatasi katika sanduku la rangi yake.

Asiyeona au asiyejua kusoma anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini, naye msaidizi anaapishwa kutunza siri. Mtu mmoja asaidie mmoja tu. Yule kijana wa mtaa anayejitolea kusaidia bibi kumi, mwogopeni.

Kura zinahesabiwa pale pale kituoni, mbele ya mawakala. Matokeo ya rais yanaandikwa katika fomu 34A, mawakala wanatia sahihi, na nakala inabandikwa mlangoni. Hapa ndipo mwananchi ana nguvu. Mwaka wa 2017, katika kesi iliyoletwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani ilisema matokeo ya rais yakishatangazwa eneo bunge ndiyo ya mwisho, hayawezi kubadilishwa Nairobi. Na mwaka wa 2022 fomu za 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani, mtu yeyote mwenye simu ya intaneti akaweza kuzisoma. Kwa hiyo, kijana wa kikundi mwenye simu apige picha ile fomu ya mlangoni. Mkisikia uvumi, mtakuwa na karatasi ya kulinganisha.

KAMA HURIDHIKI

Barabara ya kufuata ni mahakama. Kesi ya rais inapelekwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, na inaamuliwa ndani ya siku 14. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilifuta uchaguzi wa rais, ukarudiwa 26 Oktoba. Kwa viti vingine kesi inaletwa ndani ya siku 28.

Tazameni majirani zetu wa Magarini, kaunti ya Kilifi. Mwaka wa 2022 mbunge wao alitangazwa mshindi kwa kura 21 tu. Mahakama ikafuta ushindi huo, na Mahakama ya Juu ikathibitisha mwaka wa 2024. Lakini uchaguzi mdogo haukufanyika mpaka 27 Novemba 2025, kwa kuwa tume ilikuwa haina makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Watu wa Banissa, ambao mbunge wao alifariki Machi 2023, nao walingoja mpaka siku hiyo hiyo. Kumbe tume ikilala, wananchi wanakosa sauti hata kama Katiba ni nzuri.

Na kura 21, hizo ni watu wangapi? Ni wachache kuliko kikundi kimoja cha kina mama. Ile siku mliyosema "kura yangu moja ni nini", kumbukeni Magarini.

KUHUSU VITI NA MATANGI

Wakati wa kampeni vikundi vyetu vinapendwa ghafla. Mgombea analeta viti vya plastiki, tangi la maji, sufuria za jikoni, na bahasha. Wengine wanasema, "Tule chake, kura tumpe mwingine." Jihadharini. Kwa sheria ya makosa ya uchaguzi, anayetoa hongo na anayepokea wote wana hatia. Na liko jambo kubwa zaidi: anayekununua mara moja haoni deni lolote kwako kwa miaka mitano. Alikwisha kulipa. Ukienda kumwuliza habari ya zahanati isiyo na dawa, moyoni anasema, "Huyu si nilimmaliza na viti?"

Tena hongo inavunja vikundi. Tumeona vikundi vizuri, vyenye akiba ya miaka, vimepasuka kwa sababu mwenyekiti alipokea bahasha kwa jina la wote. Kikundi si mali ya mgombea yeyote. Wanachama wana haki ya kuwa na vyama tofauti, wakatoka kwenye kura na kurudi shambani pamoja.

Watu wa Taita Taveta si wa kufungwa kamba na chama. Mwaka wa 2013 tulimchagua gavana John Mruttu kwa tiketi ya ODM, 2017 Granton Samboja kwa tiketi ya Wiper, na 2022 Andrew Mwadime, aliyesimama kama mgombea huru bila chama. Magavana watatu katika chaguzi tatu. Tunajua kubadilisha. Sasa tujifunze pia kufuatilia. Bajeti ya kaunti haipiti kisheria bila wananchi kuitwa kutoa maoni, na mikutano hiyo mara nyingi inajazwa na watu wachache wale wale. Kura ni siku moja. Kufuatilia ni siku zile nyingine zote za miaka mitano.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Orodhesheni shida tatu kubwa za kijiji chenu. Kwa kila moja, ni yupi kati ya wale sita anayehusika?

2. Kikundi chenu kilichagua viongozi kwa njia gani? Je, kila mwanachama alikuwa huru kweli?

3. Rudieni mfano wa kisima, kinu na kuku kwa kutumia watu wenu. Hesabuni kwa njia zote tatu. Ipi inafaa kikundi chenu, na kwa nini?

4. Ni wanachama wangapi wamejiandikisha kupiga kura, na wapi? Nani ataambatana na wale ambao hawajaandikishwa mpaka ofisi ya IEBC?

5. Mgombea akileta zawadi kikundini, tutamjibu nini? Kubalianeni mapema na mwandike uamuzi katika kitabu cha kumbukumbu, kabla gari lake halijafika.